Njia Niliyoanikia Nguo za Watu

Siku ya kwanza kazini Mnyapara hakuniuliza jina langu. Alinirushia furushi la nguo chafu, akasema, "Hizi ni za watu saba. Ukimaliza kufua, kila mtu apate zake. Ukimpa mtu suruali ya mwenzake, usirudi kesho."

Nikamuuliza ni wapi pameandikwa ipi ni ya nani.

"Kwani unajua kusoma?"

"Hapana."

"Basi unauliza ya nini?"

Hivyo ndivyo nilivyoingia udobi. Ilikuwa Kawangware, mtaa tunaouita Kongo, miaka michache tu baada ya Uhuru. Mahali penyewe palikuwa banda la mabati, makarai sita, mfereji mmoja, na kamba zilizovutwa kutoka mti mmoja hadi mwingine mpaka uwanja wote ukawa kama umefunikwa na mbawa. Asubuhi kukiwa na ukungu, na mvuke unapanda kutoka pipa la maji moto, ulikuwa huoni mtu. Ulisikia tu vishindo vya nguo kwenye jiwe, na mtu akikohoa, na shati jeupe linakujia usoni likidondoka maji. Hata leo nikifumba macho, Nairobi yangu ni hiyo, nyeupe na yenye maji.

Nyinyi vijana mnadhani kufua ni kutia nguo ndani ya sabuni. Hapana. Nguo inalowekwa, inafikichwa kola na makwapa, inasuuzwa mara mbili, halafu nyeupe inatiwa bluu. Bluu ni kidonge cha rangi tulichokifunga kwenye kitambaa na kukikoroga ndani ya maji ya mwisho, nguo isigeuke manjano. Baada ya hapo ni wanga, yaani uji mwembamba wa muhogo, unachovya nguo ndani yake ili ikipigwa pasi isimame kama karatasi. Pasi yenyewe ilikuwa ya makaa. Ukiitikisa vibaya, cheche inaruka na umeharibu shati la karani.

Lakini hayo yote mtu anajifunza kwa wiki mbili. Kazi ngumu ilikuwa kukumbuka. Tulishona uzi wa rangi ndani ya nguo, mwekundu, wa kijani, mweusi, lakini uzi unakuambia tu kwamba hii si ile. Haukuambii mwenye uzi mwekundu ni nani. Hilo lilikuwa la kichwa.

Wiki ya pili nikakosea. Nilimpa karani mfupi suruali ya askari mrefu. Alirudi akiwa ameivaa, sijui kwa nini aliivaa, ameikunja mara tano, na Kongo nzima inamfuata nyuma ikicheka. Mnyapara akaniambia, "Mama, kichwa chako ni karai lililotoboka. Ukirudia, ni barabara."

Mwenzangu wa karai la pili aliitwa Atieno, mama mmoja wa kutoka kando ya ziwa, mdomo wake haukuwa na kifuniko. Alisubiri Mnyapara aende, akasema, "Wewe Truphena, shida yako unakumbuka nguo. Nguo ni nguo! Kumbuka mtu. Na akikutajia jina lake, usimwache aondoke. Lirudishe mdomoni mbele yake. Mimi nikiambiwa Wanjala, nasema, 'Haya Wanjala, shati mbili Wanjala, uje Jumamosi Wanjala.' Akidhani nampenda, shauri yake."

Hilo lilinisaidia, lakini halikutosha. Majina yalikaa mchana mmoja, kisha yakamwagika. Dawa nyingine niliipata peke yangu, na niliipata kwa sababu ya kuwaza nyumbani.

Kwetu ni upande wa Kakamega. Tangu nijue kutembea nilichota maji mto Isiukhu na kuyapandisha kwa mama. Basi siku moja nasuuza nguo, maji baridi mpaka kiwiko, nikajikuta niko kwenye ile njia. Naiona yote. Jiwe la kufulia pale mtoni. Mwamba ambao wanaume walinolea mapanga. Mkuyu mkubwa. Kichuguu. Zizi la jirani. Migomba. Jiwe la kusagia la mama, na mwishowe mlango wake. Sikuhitaji kujikaza kuvikumbuka. Miguu ilivijua.

Nikasema, kama vitu hivi havipotei, acha nivitwike watu. Nikamweka karani mfupi juu ya kichuguu, amevaa ile suruali ya askari, inamfika kwapani. Askari nikamkalisha mtoni juu ya jiwe la kufulia, miguu ndani ya maji, uzi mwekundu umefungwa kwenye kidole gumba. Mpishi mmoja nikampandisha mkuyu na sufuria kichwani. Mimi si mtu wa mchezo, mnanijua. Lakini nilijifunza kwamba mtu aliyekaa tu vizuri kichwani huondoka bila kuaga, na yule anayekuchekesha hatoki. Jioni, kabla ya kuvua aproni, niliipanda njia yote kutoka mtoni nikiwasalimu mmoja mmoja. Asubuhi nikiwarudia, walikuwa wamengoja.

Mlangoni kwa mama sikumweka mtu. Hiyo ilikuwa sheria yangu. Pale nilifika, nikatua mtungi, nikatoka kichwani na kurudi Kawangware.

Atieno alinizoea. Akiniona nimetulia na macho yamefumba, aliita, "Mmemwona? Ameenda kwao tena bila nauli! Truphena, umefika wapi?"

"Zizini."

"Wasalimie ng'ombe!"

Miaka kadhaa nilifanya kazi hivyo na sikumpa mtu nguo isiyo yake. Mnyapara akaacha kunitishia barabara. Akanipa na kanzu za kufua.

Hapo lazima nieleze. Watu wengi wa kwetu pale Kongo tulisali kanisa la kanzu nyeupe. Zote zilishonwa na fundi mmoja, kitambaa kimoja, mtindo mmoja, pana, na msalaba kifuani. Kanzu ikishaombewa, haitiwi uzi wa rangi wala wino. Haina alama. Na ni ya mtu mmoja tu. Ndiyo anayosalia, na siku akifa ndiyo anayozikwa nayo. Kuvaa ya mwenzako si kosa dogo. Wewe unaenda umevaa maombi ya mtu mwingine, na yeye anabaki bila nguo ya safari yake. Kwa hivyo dobi wa kanzu hakuwa mtu wa kuokotwa barabarani. Wenyewe walisema, "Mpelekee Truphena. Huyo hasahau."

Halafu mama yangu akafa.

Nilienda nyumbani, tukamzika. Kesho yake nikachukua mtungi nikachote maji, kwa sababu sikujua mikono niiweke wapi. Njia haikuwepo. Wakati sipo, tingatinga lilikuwa limepita kufungua barabara ya magari. Mwamba wa kunolea umepasuliwa. Kichuguu kimelazwa. Mahali pa mkuyu palikuwa na shimo jekundu, na ndani ya shimo maji ya mvua, na ndani ya maji mawingu. Kisha nikarudi Nairobi nikashika karai, kwani kuna kingine cha kufanya?

Jumatatu hiyo zililetwa kanzu kumi na tisa, maana sikukuu ya kanisa ilikaribia. Nilizipokea, nikazipanga njiani kama kawaida, hata kila mgomba na mtu wake. Nilizifua nikiwa kama mtu aliye chini ya maji. Watu walisema nami na sauti zao zilifika baadaye. Kufikia Jumatano zilikuwa zimepigwa pasi, zimekunjwa, ziko rafuni.

Alhamisi asubuhi akaja Violeti, binti wa Mama Rasoa. Mama Rasoa alikuwa mzee wetu pale kanisani, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kuimbisha. Violeti alishika mlango, akasema, "Mama ametuacha. Wameshamwosha. Gari la kumpeleka nyumbani linaondoka saa nane. Wananingojea niwapelekee kanzu."

Nikampa pole. Nikageukia rafu, nikafumba macho, nikapanda njia. Mama Rasoa nilimweka mkuyuni, chini ya yule mpishi. Nikafika. Hapakuwa na mkuyu. Palikuwa na lile shimo na mawingu ndani yake.

Nikarudi mtoni nikaanza tena. Mwamba umepasuka, hakuna mtu. Kichuguu kimelala, hakuna mtu. Waliobaki wote walikuwa mahali pao, nikawataja, nikatoa kanzu zao moja moja nikaziweka kando. Kumi na sita. Zikabaki tatu, na wenyewe watatu nawajua kwa majina: Mama Rasoa na wamama wengine wawili. Ila kanzu ipi ni ya yupi, tingatinga lilikuwa limepita nalo.

Nikamwita Violeti atazame. Alizitazama zote tatu. "Mimi naziona zote ni za mama," akasema. Nikamwambia akakae nje kidogo.

Mnyapara akanisogelea, akanong'ona. "Shida ni nini?"

"Sijui ipi."

"Zimebaki tatu, zote nyeupe. Toa moja, mtoto wa watu asisimame juani."

"Hii si ya kutoa moja."

"Truphena. Marehemu hatakuja hapa kulalamika. Nani atajua?"

"Mimi."

Akanitazama. Watu nje walikuwa wameanza kusimama, habari ya msiba hutembea haraka. "Sikia," akasema, "wakisema Mnyapara amepoteza kanzu ya maiti, hakuna mtu wa kanisa lenu ataleta hata soksi hapa. Saa sita iwe imepatikana. La sivyo uitoe yoyote, ama ufunge virago vyako, na hiyo yoyote nitaitoa mimi."

Nikaketi juu ya karai lililopinduliwa nikajikaza. Nilijikaza mpaka kichwa kikauma. Niwaambie, kumbukumbu ni kama kuku, ukimkimbiza anaingia chini ya ghala. Kadiri nilivyopiga hatua kwenye ile njia ndivyo ilivyozidi kuwa barabara nyekundu tupu. Nikafika mbele, nikaona mtu anapanda kutoka mtoni na mtungi kichwani, hatikisiki. Alikuwa mama. Hakushangaa kuniona. Akasema vile alivyokuwa akisema nikiwa msichana, nikilia nimepoteza kisu au kikapu: "Unatafuta nini na mikono imekaa bure? Shika kazi."

Nikafumbua macho. Atieno alikuwa amesimama mbele yangu, na safari hii hakuniuliza nimefika wapi.

"Nipe mwiko," nikamwambia.

"Mwiko wa nini sasa hivi?"

"Nipe tu."

Nikamimina maji moto juu ya unga wa muhogo, nikaanza kukoroga wanga wa nguo za siku ile. Nilikoroga bila kuwaza kitu. Uji ukashika, harufu ikapanda, ile harufu ya uchachu kidogo. Na mkono wangu ukasimama.

Jumatatu. Mama Rasoa ameegemea meza yetu ya kupokelea, anakohoa ndani ya leso. Anashika shingo yake kwa vidole viwili, anacheka. "Mwanangu, hii yangu usiitie wanga. Shingo imekuwa ya kuku aliyenyonyolewa, inakwaruzika." Nami nilikuwa mbali, nimesema tu eeh, eeh, na bakuli la wanga liko mbele yangu, linatoa harufu ile ile.

Aliniambia. Lakini je, nilitii? Hilo sikulikumbuka hata kidogo. Nilifua nikiwa kama nimelala. Kama zote tatu nilizichovya, basi imekwisha.

Nilipangusa mikono, nikaenda rafuni. Tangu asubuhi nilikuwa nimezishika kanzu zote, nikazihesabu, nikazipanga, na sikuhisi kitu, kwa sababu nilikuwa natafuta kwa kichwa. Safari hii nilifumba macho nikaacha vidole. Ya kwanza ngumu kama karatasi. Ya pili ngumu. Ya tatu ikanilalia mkononi kama maji.

Mikono yangu ilikuwa imemsikia yule mama siku ambayo mimi sikumsikia.

Nikampelekea Violeti nje. Sikumwambia kitu. Aliipokea, akapitisha kidole kwenye shingo ya kanzu, polepole, kutoka bega hadi bega. Akasema, "Ndiyo. Wanga ulikuwa unamkwaruza." Ndipo akalia, akaenda nayo, na gari likaondoka saa nane na Mama Rasoa amevaa yake.

Wale wamama wengine wawili niliwaita, nikawaambia ukweli. Mmoja akanusa, akasema ile si yake, akachukua nyingine. Alijuaje? Mpaka leo sijui, wala siapi kwamba hakukosea.

Jioni Mnyapara alikuja nikifunga kibanda. Alikohoa. "Kesho uje mapema," akasema. Kwa mtu kama yule, hayo yalikuwa maneno mengi.

Baada ya hapo nilitengeneza njia ya pili. Nilitumia Kongo yenyewe: mfereji, kinyozi, bucha, kanisa, mti wa kamba zetu. Na ile ya kwetu sikuitupa. Nilijifunza kuitembea kama ilivyokuwa, si kama ilivyo. Mkitaka kutumia njia ya utotoni, tumieni, lakini mkienda nyumbani mkakuta imebadilishwa, hiyo mpya iacheni huko huko. Mkuyu wangu niliusimamisha tena. Ulichukua muda. Nilianza na mizizi.

Miaka ya sabini nikahamia Kibera. Nilipanga chumba Kisumu Ndogo, mlango kwa mlango na Atieno, ambaye sasa alikuwa akiuza samaki wadogo wa omena na kutukana wateja wake kwa upendo ule ule. Kazi nilipata kwenye hosteli moja ya manesi, chumba cha mashuka. Mkubwa wangu alikuwa Matroni, mwanamke mrefu, viatu vyake ulivisikia kabla yake. Yeye hakutaka njia wala mkuyu. Alitaka daftari. Kila shuka na namba ya wino, kila namba na jina.

"Mimi nazijua kwa kichwa, Matroni," nikamwambia.

"Najua unazijua. Ukifa kesho?"

Nikaenda ngumbaru, ile shule ya watu wazima, nikabanana kwenye dawati la mtoto magoti yakigonga mbao, nikajifunza kuandika. Ndiyo maana mnasoma haya. Sisemi kuandika ni kubaya. Daftari ni zuri sana siku mwenye kichwa hayupo. Lakini niliona manesi wasichana wakifungua daftari kumtafuta mgonjwa waliyeongea naye asubuhi ile ile, nikawaambia, mkitajiwa jina lirudisheni mdomoni. Mtieni huyo mtu mahali mnapopajua kwa miguu, mpeni kitu cha kuchekesha. Akipotea msimkimbize, rudini kwenye kazi mliyokuwa mkiifanya mlipoonana naye, muishike tena. Mmoja alinicheka. Mwingine alirudi baada ya wiki akasema, "Mama Truphena, wodi yote nimeiweka kwa shangazi yangu."

Katikati ya miaka ya themanini ikaletwa mashine ya kufulia, na magoti yangu yalikuwa yamechoka na saruji. Matroni akanipa mkono wa kwaheri, nikatoka.

Sasa mimi ni mzee na ninasahau. Natia chai chumvi. Natafuta miwani nikiwa nimeivaa. Mfereji wa Kongo haupo, na Kibera, nyumba uliyoisalimu juzi leo ni uwazi. Atieno pia hayupo. Lakini mchana nikiketi mlangoni napanda ile njia kutoka mtoni, na wote wapo. Askari bado ana miguu majini. Karani amekaa juu ya kichuguu na suruali kwapani. Mama Rasoa yuko mkuyuni ananisalimu. Kila mtu ameshika nguo yake, safi, imekunjwa, na hakuna aliyepewa ya mwenzake.

Mjukuu wangu Sharoni, mwanamke mzima, anasuka watu nywele huko Kawangware, hunitembelea Jumapili. "Niaje Kukhu," ananisalimu bibi yake, kama mimi ni makanga wa matatu. Wiki jana nilimketisha. Nikamwambia ninapoweka kanzu yangu na vile nitakavyo nizikwe nayo.

Akatoa simu. "Ngoja niandike."

"Weka hiyo chini. Rudisha mdomoni."

"Ai, Kukhu."

"Iko wapi?"

"Kwa sanduku la bati, chini ya leso ya njano."

"Na?"

"Isitiwe wanga."

Nilimrudisha mara tatu, hakukosea. Kisha nikamuuliza kichwani ameiweka mahali gani, maana bila mahali itamwagika kabla ya Jumatano.

"Nimeiweka hapa," akasema. "Hapa kwa mlango wako."

Nikafungua mdomo nimwambie mlangoni hapawekwi kitu. Alikuwa amefumba macho, anatabasamu, yuko njiani. Nikamwacha afike.